Matanga ya Mgahawa wa Yasmina

Waliomlilia Yasmina siku ile walikuwa wengi kuliko waliokula kwake mwaka mzima. Mgahawa wake wa mtaa wa Muhima ulikuwa ubomolewe Jumatatu, pajengwe maofisi ya vioo, na Jumamosi wateja wa zamani wakaja na magari yao kuufanyia matanga. Miaka minane hajawaona. Sasa wanafuta macho, wanapiga picha ukuta uliopauka, wanakumbushana nani alimposa nani kwenye meza ipi.

"Yoo, sisi tulikuwa wapi?" akalia Joselyne, bibi wa benki.

Mlikuwa mnakula kwingine, mlikuwa wapi tena!

Yasmina hakuwa na muda wa kulia. Alishakodi chumba Ndera, karibu na nyumba mpya zinazojengwa, na kuanzia Ijumaa alitaka kupika pilau ileile kwa sufuria ileile. Aliwaambia wote. Wakasema Ndera mbali. Sufuria hiyo ya shaba babu yake aliileta kutoka Ujiji alipokuja kufanya biashara, na ukoko wake ulitoka mwekundu bila kuungua tangu enzi za mfalme. Viti mtu huazima. Sufuria kama ile haiazimwi.

Balaa lilianza na kikombe. Mmoja alikiomba kiwe urwibutso, kitu cha kumkumbushia, na Yasmina akampa. Wa pili akaomba kigoda, wa tatu kibao cha mlangoni. Kufika adhuhuri wafiwa hao walikuwa wanabeba viti vichwani. Aombaye msibani hanyimwi. Ndivyo Yasmina alivyolelewa.

Kisha Kagabo akaikumbatia sufuria. Leo ni mchoraji wa majengo mwenye jina, lakini aliporudi nchini kutoka Kampala, kijana hana mbele wala nyuma, Yasmina alimlisha ukoko wa sufuria hiyohiyo mwaka mzima.

"Mama, hii sufuria iko mama yangu wa pili," akasema, machozi yakimtoka.

Watu wote wakamtazama Yasmina. Akasema lile ambalo kwao husemwa mgeni anaposifia kitu: "Ni yako, mwanangu." Mgeni mwenye adabu hujibu, "Ikae kwako, mama, nitaikuta." Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Kagabo alishukuru mara tatu, akamwita dereva wake. Yasmina alibaki na tabasamu usoni hadi buti la gari lilipofungwa.

Huko Ndera akaazima sufuria nyembamba. Pilau ikaungua Ijumaa, ikaungua Jumamosi. Mafundi wa ujenzi wakarudisha sahani, wakaenda kwa jirani. Jumapili Yasmina akameza aibu yake, akajitanda mtandio mzuri, akapanda basi kwenda kwa Kagabo, mtaa wa wenye nazo wa Nyarutarama, kuomba arudishiwe chombo chake.

Kagabo alimpokea kwa mikono miwili. "Mama! Kuja uone!"

Sufuria ilikuwa barazani, imesuguliwa inang'aa, imejaa udongo na maua mekundu. Kagabo akayamwagilia ili mgeni afurahi. Maji yakatokea chini, yakatambaa mpaka kwenye viatu vya Yasmina.

"Inavuja?"

"Hapana, Mama! Nilitoboa. Fundi aliweka matundu saba. Bila tundu, maua inaoza."

Matusi alikuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kinyarwanda, ya kumtosha Kagabo na ukoo wake. Lakini alimtazama, akamwona yule kijana wa ukoko, na hilo ndilo lililomuuma kuliko matundu.

"Ulikuwa unataka nini, Mama?"

"Kuisalimu tu. Niko Ndera sasa, napika."

"Ndera! Pumzika, Mama. Umefanya kazi sana."

Akatokwa na machozi tena; huyu mtu hakaukiwi. Akamsimamisha kando ya maua, akainua simu. "Cheka kidogo." Yasmina akacheka. Miaka thelathini ya kuhudumia wateja humfundisha mtu kucheka.

Yuko kwenye basi la kurudi, Kagabo akamtumia ile picha, tayari ameiweka mtandaoni. Watu mia nne walikuwa wameipenda. Joselyne alikuwa ameuliza: "Jamani, anapikia wapi siku hizi? Twende wote Ijumaa!"

Chini yake Kagabo alikuwa amejibu: "Mama hapiki tena. Tumwache apumzike."

Na Joselyne akaweka uso unaolia.