Karatasi ya Fargo

Asubuhi nilikuwa nakata mikono ya fulana za baba. Bibi Verna alinipa mkasi wake wa vitambaa, ule ambao ukiukatia karatasi unaweza kufukuzwa nyumbani, akanionyesha: toa mikono, toa shingo, bakiza kifua na mgongo. Huku mjini kwetu Superior mtu akifa na kuacha fulana nyingi, wanawake wa kanisani wanazichukua na kuwashonea watoto wake blanketi. Baba aliacha fulana kumi na sita za bendi yake. Bibi akasema kumi na sita ni namba nzuri, nne kwa nne, na wanawake wa kanisani wasiziguse, tutashona wenyewe.

Nikakata ya kwanza. Sikuhisi kitu. Nikakata ya pili. Toka Septemba niko hivyo, kama mdomo ukishachomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno. Unajua mdomo ni wako, unaugusa, lakini ni kama unagusa wa mtu mwingine.

"Corinne, unakata fulana au unachuna sungura?" bibi akauliza. "Nyoosha mkono."

Nikanyoosha.

Bendi iliitwa Halvorsen. Watu wengi wanadhani mmoja wao alikuwa na jina hilo. Halvorsen alikuwa mzee mwenye gereji, aliwaruhusu wafanyie mazoezi humo kwa sharti kwamba wamzolee theluji mlangoni kila baridi ikiingia. Walikuwa watatu. Gordy Maki alipiga gitaa na kuimba, Lyle alipiga besi, na baba, Wendell, alipiga dramu. Fulana ya kwanza waliichora wenyewe kwa rangi ya kupakia mabanda, na mpaka leo ukiikunja inapasuka kama ganda la yai. Ya tatu ni ya mwaka waliponunua gari bovu la duka la maua, wakazunguka nalo Wisconsin na Iowa, wanalala humohumo juu ya maspika. Ya saba ni ya albamu iliyopigwa redioni Minneapolis. Kuanzia hapo fulana zina orodha mgongoni, miji na tarehe za ziara, na kila mwaka orodha inarefuka. Miji kumi. Kumi na tisa. Thelathini na mmoja. Fulana ya kumi na sita ina miji arobaini. Wa ishirini na mbili ni Fargo, na yote iliyoandikwa chini ya Fargo hawakufika.

Habari ya Fargo inajulikana na kila mtu aliyewahi kusikia jina la Halvorsen. Bwana wa kampuni kubwa ya muziki alitoka Chicago kuja kuwasikiliza, na akiwapenda awape mkataba. Saa moja kabla ya shoo mpiga dramu akatoweka, hakumwambia mtu. Shoo ikafutwa, yule bwana akarudi Chicago, bendi ikafa palepale. Gordy ameisimulia miaka kumi na tano, kwenye kila baa anayopiga gitaa peke yake. Kila mwaka anaiongezea chumvi. Watu wanaisubiri kuliko nyimbo zenyewe. Baba alikuwa anaendesha gari la kaunti la kusukuma theluji, na akipata jioni ya mapumziko alikuwa anaenda kumsikiliza. Anakaa nyuma kabisa, na hadithi ikifika Fargo anacheka pamoja na wengine.

Kitu ambacho Gordy hakisemi ni kwamba jioni ile mimi nilikuwa nazaliwa, wiki saba kabla ya wakati wangu. Hilo nililijua toka nikiwa mdogo, mengine nikajumlisha mwenyewe. Baba aliwakimbia wenzake kwa sababu yangu. Mwaka juzi mwalimu wa muziki aliangalia jina langu kwenye daftari la mahudhurio, akasema mbele ya darasa zima, "Kumbe wewe ndiye uliyeiua Halvorsen." Alikuwa anatania. Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Muhula uliofuata nikachukua somo la upishi.

Mama hakuwa wa kumuuliza. Alihamia Oregon nikiwa na miaka minne, na mambo ya bendi hataki kuyasikia. Bibi naye anasema hakuuliza. Mwanawe alifika hospitali amevaa viatu vya jukwaani, theluji imejaa ndani ya viatu, na yeye hiyo ilimtosha.

Sasa juzi, Alhamisi, Gordy akanipigia simu. Albamu zao zinatolewa upya, zote kwenye boksi moja, na ndani kunakuwa na kijitabu cha historia ya bendi. Anakiandika mwenyewe. Alitaka picha ya baba. Nikamwambia nitatafuta. Halafu akasema ngoja nikusomee, akanisomea yote kuanzia gereji, na ilikuwa nzuri, Gordy anajua kusimulia. Mwishoni akasoma, "Huko Fargo, Wendell akatoweka bila kumuaga mtu, na Halvorsen ikafa kabla taa hazijawashwa."

"Ni utani wetu wa siku nyingi," akasema. "Baba yako mwenyewe aliupenda, unamjua. Kinaenda kwa mchapishaji Jumatatu asubuhi. Uko sawa na hilo, mama?"

Nikasema sawa.

Kwenye simu mimi huwa nasema sawa. Hospitali walipopiga Septemba wakaniuliza kama nina mtu mzima karibu, kisha wakaniambia, nilisema sawa pia.

Nilipokata simu nikawaza kwamba baa ni baa. Watu wanakunywa, wanacheka, wakifika kwenye magari yao wameshasahau. Kijitabu hakisahau. Mtu atakayelinunua boksi hilo miaka ishirini ijayo, hajawahi kumwona baba wala kusikia sauti yake, atamjua kwa kitu kimoja tu. Na mimi nimeshasema sawa.

Kufikia saa saba mchana tulikuwa tumebakiza fulana ya mwisho. Baba aliweka kila fulana kwenye mfuko wake wa plastiki, pamoja na karatasi za nyimbo za ziara hiyo. Gordy alikuwa anaziandika kwa mkono kabla ya kila shoo, nyimbo zitakavyofuatana, karatasi tatu, moja ya kila mtu, na herufi ya jina lake kwenye kona. Wanazibandika sakafuni, miguuni. Shoo ikiisha Gordy na Lyle wanaziacha zikanyagwe, baba anabandua ya kwake na kuitunza. Kwenye mifuko mingine tulikuwa tunazitoa tu na kuziweka kwenye boksi la viatu, hatuzisomi.

Ya juu kabisa kwenye mfuko wa mwisho ilikuwa imeandikwa Fargo.

Niliiangalia muda mrefu. Zile nyingine zote zilikuwa na utepe mweusi wa gundi pembeni, na vumbi na nywele zimegandia. Hii haikuwa na utepe. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kama kitu kilichokaa mfukoni. Mwandiko wa Gordy, ninaujua kwenye kadi za Krismasi. Kwenye kona, W. Nyimbo tisa.

"Bibi," nikasema.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: Barafu ya Machi, Dirisha la Jikoni, Barua kwa Lyle. Hakufika ya nne.

"Hizi ni zile za chooni," akasema.

Ndivyo baba alivyoziita. Halvorsen walikuwa na nyimbo ambazo Gordy anaimba peke yake na gitaa, na zikifika, mpiga dramu hana kazi, anashuka jukwaani kwenda chooni. Kwa kawaida kila shoo ilikuwa na moja, mbili zikizidi. Hapa zilikuwa tisa, zilizopo zote, na hakuna hata wimbo mmoja unaohitaji dramu.

Nikakaa chini. Kwa hiyo kabla ya shoo ile Gordy alikaa mahali na kalamu, akachagua nyimbo anazoweza kuimba bila baba, kwa sababu alishajua baba anaondoka. Alishaambiwa. Halafu kwa mazoea yake akaandika karatasi tatu badala ya mbili, na kwa mazoea akampa Wendell ya kwake, na Wendell kwa mazoea akaitia mfukoni, akaendesha gari kwa muda wa saa nne kwenye theluji akiwa nayo.

"Shoo hakuifuta baba," nikasema.

"Hapana."

"Gordy alikuwa na nyimbo tisa mkononi, na yule bwana wa Chicago amekaa mbele."

"Aliogopa," bibi akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika. Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile. "Na huyu wangu akamwachia aseme hivyo. Miaka yote hiyo, akakaa nyuma kule anacheka."

Nilingoja nihisi kitu. Nilifikiri kama kuna siku ya kuhisi kitu, ni leo. Vidole tu ndivyo vilivyokuwa vya baridi.

"Mpigie," bibi akasema.

"Siwezi."

"Basi mwandikie. Hata baba yako alikuwa hivyohivyo. Unamuuliza jambo, anakugongea meza kama dramu."

Niliandika ujumbe mara nne. Wa kwanza ulikuwa mrefu sana. Wa pili ulikuwa na neno uongo, nikaufuta, kwa sababu kwenye mazishi Gordy ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele na alikuwa analia hadi anakosea hatua. Wa tatu ulikuwa unaomba samahani, sijui ya nini. Niliotuma ni picha ya karatasi, na chini yake hivi:

"Anko Gordy, hii ilikuwa kwenye mfuko wa fulana ya mwisho. Alhamisi nilisema sawa. Si sawa. Naomba uandike kwamba aliaga."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Saa kumi na dakika tano simu ikaonyesha umesomwa. Vile vidoti vitatu vya mtu anayeandika vikatokea, vikacheza, vikapotea. Vikatokea tena. Vikapotea.

Nje giza lilishaingia, huku wakati wa baridi linaingia kabla ya saa kumi na moja. Bibi alipasha moto viazi na nyama ya kusaga walivyoleta wanawake wa kanisani msibani, bado tunavyo bakuli tano kwenye friza. Tukala tumesimama, kwa sababu meza nzima ilikuwa vitambaa. Akaniuliza mgongo wa Fargo tuuweke wapi, nikamwambia safu ya juu, karibu na shingo, niusome nikilala. Akaupitisha kwenye cherehani polepole, miji yote arobaini, hata ile ambayo hawakufika.

Simu niliiweka pembeni ya cherehani, kioo juu. Ikawa inatetemeka kila sindano inapokwenda, na mimi kila mara naangalia. Ilikuwa ni cherehani tu. Tuliposhona kiraka cha mwisho ilikuwa saa mbili, na chini ya ujumbe wangu palikuwa bado pameandikwa vilevile, umesomwa, saa kumi na dakika tano.