Mchanga wa Kijivu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye mchimba visima wa mtaa mzima, na kiburi chake hufika kabla yake. Analala chumba cha nyuma, anakula kwangu. Kila kisima anachochimba hujaza mchanga wake kwenye chupa na kuipanga dirishani petu, eti watu waone.

Juzi mpima maji alilipaka bomba letu rangi nyekundu, alama ya maji yasiyofaa. Aseniki, alisema, sumu ya ardhini, haina ladha wala harufu, huotesha vinundu viganjani na nyayoni, na kuchemsha hakuiondoi. Akaitazama chupa ya kisima chetu, mchanga wa kijivu mtupu. "Mchimbaji wenu aliishia juu. Hapa maji salama yako kwenye mchanga mwekundu, chini zaidi. Akifika, tuyapime kwanza."

Kesho yake asubuhi nikalikuta bomba ni la kijani, rangi ya maji salama.

"Shemeji, umelipaka wewe?"

"Ndiyo. Unataka wateja wanicheke? Maji matamu hivi, miaka sita tunakunywa, nani kafa?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamvuta binti yangu, nikamfunua kiganja. Vinundu vigumu, kama punje za mtama.

"Hizo sugu. Unamtwisha ndoo kila siku, halafu lawama kwangu. Ona zangu!" Akatanua viganja kwa majivuno. "Mikono ya kazi hii."

Nikaviangalia. Vinundu vilevile. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma.

"Vua viatu."

"Nini?"

"Vua buti, mpumbavu wewe!"

Sijawahi kumtukana shemeji yangu. Alivua, nadhani kwa mshangao tu. Nyayo zake zilijaa vinundu toka kisiginoni hadi vidoleni. Nikaunyanyua mguu wa binti yangu, nikauweka kando ya wake. Ulikuwa vivyo hivyo.

"Haya, nieleze. Mtoto anabeba ndoo kwa nyayo? Na wewe unachimba kwa nyayo?"

Akautazama mguu wake, kisha wa mtoto.

"Baba mdogo," binti yangu akasema, "nina kiu."

Shemeji aliinuka pekupeku, akachukua spana, akaung'oa mpini wa bomba. "Nenda kanywe kwa jirani, mwanangu, bomba lao mpimaji alilipaka kijani. Hapa usinywe tena."

"Usidhani nimekusamehe," nikamwambia. "Kalete mitambo. Chimba mpaka mchanga mwekundu."

Alikuwa bado ameukumbatia ule mpini.