Aliyepiga Ndiye Atoke

Kinyozi alimpenda mkewe kimyakimya: alimpigia pasi nguo za bungeni, akamfungia chakula cha mchana, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mkewe alikuwa mbunge, na muswada wake ulikuwa na jambo moja kubwa: mtu akimpiga mwenzake nyumbani, mahakama imwamuru aliyepiga atoke, aliyepigwa abaki na watoto. Mara ya kwanza uliangushwa. Sasa alikuwa ameurudisha.

Wote wawili walijua ulikoanzia. Zamani, wakiwa bado wamepanga chumba kimoja, dada mkubwa wa mbunge aliwabishia hodi jicho limevimba, watoto wameng'ang'ania gauni lake, nguo zao zimefungwa ndani ya shuka. Kinyozi hakuuliza kitu. Alichukua mto wake akaenda kulala kwenye kiti cha saluni, na akaendelea kulala huko mpaka shemeji yake alipopata pa kukaa. Shingo inamsumbua mpaka leo.

Siku moja kabla ya kura, aliingia saluni mbunge aliyeupinga muswada ule, mteja wa siku nyingi. Kwa kuwa kichwani hakuwa na hata unywele mmoja na alikuja kunyolewa kidevu tu, wote walimwita Ndevu.

"Mkeo anataka kutuhamisha wanaume wote," alisema akijiegemeza. "Na ataanza na wewe."

Kinyozi akampaka povu kidevuni taratibu. "Kwani, Mheshimiwa, wewe unampiga mkeo?"

"Mimi? Sijawahi kumgusa hata kwa ukucha."

"Basi unafungasha mizigo ya nini?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Ndevu naye akacheka. Wateja wengine walipotoka, alisema kwa sauti ya chini kwamba binti yake, aliyeolewa juzijuzi tu, siku hizi hapokei simu.

Kinyozi akaweka wembe chini. "Nenda ukamwone. Leo hii hii."

Kesho yake kinyozi na shemeji yake waliketi bungeni kwenye viti vya wageni vya juu. Ndevu alipoitwa kupiga kura, alisimama macho mekundu kwa kukesha na binti yake, akasema, "Ndiyo," akaketi bila kumtazama mtu. Muswada ukapita. Mke wa kinyozi akainua macho kuwatafuta wawili wake kule juu, na kinyozi akajikuta anapunga mkono kama mtoto, mpaka askari wa bunge akamwonyesha ishara atulie.

Jioni walikula pamoja nyumbani.

"Kwa hiyo ingekuwa sasa," dada aliuliza, "mimi ningebaki kwangu?"

"Ungebaki, dada," mdogo wake alijibu. "Mumeo ndiye angetafuta pa kulala."

Dada akaitazama sahani yake. "Watoto wangelala kitandani kwao," alisema, na machozi yakamtoka.

Mdogo wake akasogeza kiti, wakakaa wameshikana mikono huku chakula kikipoa. Kinyozi akaziondoa sahani polepole, akaenda jikoni kukipasha moto.