Chumba cha Kulalia Mchana

Chuoni walimwita Mama Panya, na yeye hakununa, maana panya ndio waliompa uprofesa. Miaka yote ya utafiti wake aliuliza swali moja tu: jicho lililopofuka bado linajua nini? Jibu alilipata, likamletea sifa hadi ng'ambo. Nyuma ya jicho, kwenye retina, mna seli chache ambazo hazina habari na sura ya mtu wala rangi ya nguo. Kazi yao ni kuuambia mwili kwamba kumekucha. Panya wake vipofu, mradi wapate mwanga, waliamka na kulala kwa wakati kama wenzao. Ukiwafungia gizani, saa ya mwili inateleza kidogo kidogo, mpaka mchana unageuka usiku.

Basi huyo ndiye aliyekuwa na mama kipofu nyumbani.

Bibi yule alipofuka uzeeni, kwa maradhi yaleyale ya retina ambayo bintiye aliyasomea, akaja kukaa kwake. Alipewa chumba kizuri kuliko vyote, cha nyuma, kisichofikiwa na honi wala redio za majirani. Zamani binti alikitumia mwenyewe kulala mchana, enzi zile alipokuwa akikesha na panya. Akamwekea mama yake godoro jipya na zulia la kumkinga asiteleze. Yote aliyafanya kwa mapenzi, na hapo simtanii hata kidogo.

Haukupita muda bibi akabadilika. Mchana anasinzia na bakuli mkononi. Usiku yuko macho makavu, anapekua kabati, anadai chai, anagombana na kiti. Akawa analia bila sababu. Kaka mkubwa, mwenye duka la vipuri, alikuja kumwona, akatoka chumbani kanywea.

"Dada, mama akili inamtoka. Wewe umekonda, yeye anateseka. Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

"Mama akatunzwe na watu baki?"

"Kama una njia nyingine, sema."



Siku chache baadaye binti alialikwa kuzungumza na madaktari wa macho. Hotuba yenyewe ilimtoka kama maji, alishaitoa mara nyingi mno. Mwishoni daktari mmoja akainua mkono.

"Profesa, sisi wa kliniki hawa panya watatusaidia nini? Mgonjwa wangu haoni. Nimwambie nini?"

"Mwambie akae nje asubuhi," akajibu papo hapo. "Na umuulize analala chumba gani. Ndugu wana tabia ya kumweka kipofu gizani, eti kwa kuwa haoni..."

Hapo akakumbuka chumba cha nyuma, enzi zile za kulala mchana. Akakikumbuka na kitambaa cheusi cha dirisha lake. Alikishona mwenyewe, mara mbili, akakipigilia misumari dirishani ili mwanga usipate hata pa kuchungulia. Hakuwahi kukitoa. Hata balbu ilipoungua hakuibadilisha. Ya nini, na mama haoni?

Ukumbi mzima ulikuwa ukimsubiri.

"Samahanini," akasema, "nimeacha mtu gizani." Akabeba mkoba wake, akaondoka.

Nyumbani alipanda juu ya kiti na viatu vyake vya hotuba, akaanza kung'oa misumari.

"Nani anabomoa nyumba?" bibi akauliza kitandani.

"Ni mimi, mama. Nilikufungia gizani bila kujua. Akili yako haina neno, ni mwanga tu umeukosa."

Bibi alijikuna goti, akifikiri. "Hao panya wako vipofu, huwa unawawashia taa?"

"Kila asubuhi, mama."

"Basi nihesabu na mimi kwenye panya."

Binti akaegemea dirisha, akalia kwa aibu, kilio cha mtu mzima kisichojua kujificha.

"Wacha kulia, nitoe nje," bibi akasema.

Tangu hapo kila asubuhi alimkalisha barazani, uso umeelekea jua, ndipo aende kazini. Lakini moyo haukutulia. Huenda seli zenyewe zilishakufa zote. Na panya, hata uwapende vipi, si mama yako. Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika, bibi akaendelea kugombana na kiti usiku. Kaka akapiga simu kukumbusha kwamba mpango ni uleule.

Mwisho wa mwezi alikuja jioni, na sanduku tupu. Alimkuta mama yao kwenye kochi, dada mezani, akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyozungumza penye mgonjwa. Bibi akapiga mwayo mrefu.

"Nyie watoto, kama mna maneno yenu nendeni uani. Kumekuchwa, mimi nataka kulala."

Kaka akageukia dirisha. Nje giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Akalitua sanduku sakafuni taratibu.

"Nani kamwambia?"

"Macho yake," dada akasema, akaenda kumtandikia mama yake kitanda.