Goti la Ndoyi

Mtoto wangu wa kike anaitwa Douwe. Ndiyo, jina la mwanamume, tena Mholanzi, tena mcheza mpira. Karani wa commune ya Jette, yaani ofisi ya manispaa hapa Brussels, aliniuliza mara tatu kama uchungu wa kuzaa umeniharibu akili. Nikamwambia, madame, kwetu Lubumbashi jina halivai sketi wala suruali, andika. Akaandika: Graciella Douwe. Hilo Graciella ni la kanisani tu, nyumbani halijawahi kutumika hata siku moja.

Naanza na jina kwa sababu ndilo lililonitia wazimu mwaka ule wa 1996, mtoto alipoanza kuchechemea.

Huyo Douwe mkubwa, Douwe Wiersma, alikuwa kiungo wa klabu aliyofanyia kazi mume wangu Donat. Kazi ya Donat ilikuwa kukanda miguu ya wachezaji. Wabelgiji wanamwita mtu huyo soigneur. Siku uchungu uliponishika, wiki tatu kabla ya wakati, nilipopiga simu klabuni Donat alikuwa na paja la Douwe mikononi, na sisi gari hatuna. Douwe akashuka mezani na mafuta yake mguuni, akachukua funguo, wakaja kunitoa nyumbani, akaniendesha mpaka hospitali kubwa ya Jette, ile ile ninayofanyia usafi. Kwa kutoroka mazoezi kocha alimkalisha benchi mechi mbili. Sasa mtu wa hivyo utampa nini? Asante? Asante inaliwa? Tulimpa mtoto aitwe jina lake.

Na kwetu hilo si jambo la mchezo. Mwenye jina anakuwa ndoyi wa mtoto, ndugu kuliko ndugu. Wazee wanasema mambo ya ndoyi humwingia mtoto, uvivu wake, sauti yake, hata namna ya kupiga chafya. Tulimweleza Douwe hayo yote kwa Kifaransa, akawa anaitikia oui, oui, macho yamemtoka. Nadhani hakuelewa kitu. Lakini kila Jumapili isiyo na mechi alipanda ngazi zetu mpaka ghorofa ya tatu, akakaa, akala bukari, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono kama mtoto wa Kenya, ule mtaa wetu wa Lubumbashi, siyo nchi ya Nairobi.

Mimi mpira siujui. Siku moja nilimuuliza amefunga magoli mangapi.

"Onze," akasema.

"Mwaka huu?"

"Tangu nianze."

Miaka kumi na tano, mechi mia nne, magoli kumi na moja! Nilimtazama Donat, nikamtazama yeye. "Na hawajakufukuza?"

Alicheka mpaka sombe ikampalia. Akanieleza kwamba kazi yake iko katikati: ananyang'anya mpira, anampa mwingine, anakimbia tena. Huyo mwingine ndiye anayefunga, na ndiye anayebebwa mabegani. Alianzia kwao Friesland, nchi ya ng'ombe na upepo, akapita klabu tatu za Uholanzi, mbili zikashuka daraja yeye akiwa ndani, ndipo akafika Brussels. "Kwenye gazeti jina langu wanalikosea," alisema. "Anayelibeba sawasawa ni huyu peke yake." Akamwonyesha mtoto aliyekuwa anachota bukari kutoka sahani yake. Siku hiyo nilimpenda kweli, sifichi.

Bon. Mwezi wa tatu 1996, mtoto ana miaka miwili na nusu, nikamwona anapanda ngazi kwa namna mpya. Mkono ukutani, mguu wa kushoto mbele, ule wa kulia unavutwa nyuma yake, mkavu, umenyooka. Nikamvua suruali pale pale. Hakuna jeraha wala uvimbe. Nikaminya goti, akacheka.

Nikambeba mpaka Jette. Wakampiga picha, daktari akaziinua kwenye mwanga, akaniambia, madame, mifupa ya mtoto huyu ni mizuri ajabu, rudi nyumbani ulale. Nilale vipi? Jumatatu mtoto anachechemea, Jumanne anaruka juu ya kitanda mpaka jirani wa chini anagonga kwa fimbo ya ufagio, Alhamisi anachechemea tena. Ugonjwa gani unaopumzika Jumanne? Kazini nilikuwa nadeki korido moja mara mbili na kuisahau nyingine. Mkubwa wangu wa kazi akaniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe.

Jumamosi moja nilikutana na maman Mbombo pale barabara ya Chaussée d'Ixelles, tunanunua sombe. Mbombo ni mkubwa wa kikundi chetu cha maombi, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha basi. Akamtazama mtoto akivuta mguu kwenye kizingiti cha duka.

"Lucienne, mutoto iko na nini?"

"Sijue, maman. Docteur anasema hakuna kitu."

"Na ndoyi wake? Eko muzima?"

"Eko anacheza mupira kila juma."

"Uliza muzuri. Mutoto hawezi kubeba kitu haina mwenyewe." Akanishika kiwiko. "Ukisikia ndoyi eko na ugonjwa, toa ile jina. Mbio!"

Nilikasirika. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, mambo ya kubebeshana magoti kwa majina niliyaacha kwa bibi yangu. Ndivyo nilivyomwambia Mbombo. Kisha nikafika nyumbani, nikafunga mlango wa chooni, nikalia. Ukweli ni kwamba niliamini, na nilijichukia kwa kuamini, na bado niliamini. Kichwa kilinigawanyika mara mbili na kila upande ulikuwa unampigia mwenzake kelele.

"Donat," nikamwambia jioni, "Douwe iko na ugonjwa?"

"Ugonjwa gani?"

"Njo ile miye nakuuliza."

"Hapana. Eko muzima kabisa. Mwezi huu anasaini contrat, miaka mbili." Alisema hayo akitazama bomba la maji, na bomba lilikuwa limefungwa.

Jumapili zile Douwe hakuwa akija, eti ana mechi, basi nikaenda uwanjani mwenyewe. Nilikaa pale kwenye baridi nikimtazama Mholanzi wangu kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, mpira sikuutazama hata kidogo. Alikimbia. Alianguka, akainuka, akakimbia tena, mguu wa kulia sawa na wa kushoto. Mwanamume mmoja pembeni yangu alisema huyo mzee ana mapafu ya farasi. Nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Kama ndoyi mzima, mtoto anabeba goti la nani? La Donat? Langu? Niliminya magoti yangu mwenyewe ndani ya tramu, watu wananitazama.

Mtoto alivuta mguu wiki nzima iliyofuata. Hapo nikasema basi. Aamini anayeamini, acheke anayecheka, mimi nina mtoto mmoja. Jumatano niliomba ruhusa kazini mapema, nikapitia commune. Karani akanipa karatasi ya kubadili jina, akasema ikishajazwa inapelekwa wizarani, na wao wanataka sababu nzuri. Nikasimama kaunta na kalamu. Jina la zamani, nikaandika. Jina jipya, nikaandika Graciella tu. Sababu. Hapo kalamu ikakwama. Niandike nini? Goti? Nikaikunja karatasi, nikaitia mkobani, nikaenda nyumbani.

Mlango wa chini ulikuwa wazi. Nikasikia miguu ngazini juu yangu: hatua, halafu mburuto. Hatua, mburuto. Na nyuma ya sauti hiyo ilikuja nyingine ndogo, hatua, mburuto. Nikapanda taratibu mpaka kona ya ghorofa ya kwanza, nikainua macho.

Mbele alikuwa Donat, amebeba mfuko wa barafu na bandeji. Nyuma yake Douwe, mkono ukutani, uso umekunjamana, anauvuta mguu wa kulia kama gunia la makaa. Na nyuma ya Douwe alikuwa mwanangu, mkono ukutani, uso ameukunja vile vile, anauvuta wake.

Nilielewa yote mara moja, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Zamu zangu za jioni! Kila jioni niliyokuwa Jette, Donat alimchukua mtoto kwenye kreshi ya watoto, Douwe akaja kwa siri, na goti likakandwa jikoni kwangu, mbali na macho ya daktari wa klabu. Kila Jumatatu Donat alimwambia kocha kwamba miguu ya Wiersma ni mizima, na kocha akamwamini Donat, kwa sababu kila mtu humwamini Donat. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mimi nazunguka mahospitalini, naminya magoti ndani ya tramu!

"Donat!" Nyumba nzima ilinisikia. "Simama hapo hapo! Nawe Douwe, geuka! Ona nyuma yako!"

Aligeuka. Akamwona mtoto, mkono wake mdogo ukutani, mguu umenyooka. Rangi ikamtoka usoni. Akainama kadiri goti lilivyomruhusu.

"Umeumia?" akamuuliza kwa Kifaransa.

Mtoto akatikisa kichwa. Akamjibu kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya kumfundisha mtu jambo lililo wazi: "Siye ba-Douwe tunapandaka hivi."

Hakuelewa. Akanitazama mimi. "Anasema nini, maman Lucienne?"

Matusi yote nilikuwa nayo tayari, ya Kiswahili, ya Kifaransa, mengine ya Lingala kwa akiba. Badala yake ikabidi nimtafsirie. Anasema nyinyi akina Douwe ndivyo mnavyopanda ngazi.

Alikaa. Alikaa pale pale kwenye ngazi, mtu wa mechi mia nne, akafunika goti kwa viganja viwili. Barafu ya Donat ilianza kudondoka maji. Ndipo Douwe akasema polepole kwamba Ijumaa anasaini. Akisaini, miaka miwili. Asiposaini, ana miaka thelathini na mitatu, hana cheti cha kitu chochote, na hakuna klabu duniani inayomtafuta mtu wa katikati mwenye goti bovu. Uwanjani, alisema, Donat akimfunga vizuri na akimeza vidonge vyake, anasahau maumivu mpaka filimbi. Ni ngazi tu zinazomshinda. Aliapa hakujua kama mtoto anamtazama.

"Sasa unajua," nikamwambia. Sauti yangu haikuwa kali tena, na hilo nalo likaniudhi.

Akainuka kwa kushika ukingo wa ngazi. Akamnyooshea mtoto mkono wake wa kulia, ule wa ukutani. "Non, Douwe," akamwambia. "Regarde," yaani tazama.

Akapanda. Mguu mmoja ngazi moja, mwingine ngazi inayofuata, magoti yote mawili yanakunjwa kama ya mtu yeyote. Mtoto akamtazama miguuni, akakunja lake. Donat, aliyekuwa ameshuka mpaka kwangu, akaanza, "Douwe, acha, lile goti haliwezi," mimi nikamshika shati nikamwambia nyamaza.

Walipanda hivyo wawili. Karibu na ghorofa ya pili nililisikia goti. Lilitoa mlio mdogo mkavu, nami nikaona mgongo wa Donat ukishtuka. Douwe alisimama kidogo, jasho linatiririka shingoni, akamwangalia mtoto, akatabasamu meno yote, akapanda ngazi inayofuata. Hakugusa ukuta. Mpaka juu hakugusa ukuta.

Mlangoni, Donat alipofungua, mtoto alimwachia Douwe mkono, akakimbilia ndani. Hapo ndipo Douwe alipoanguka. Donat alimdaka kwapani, akamlaza sakafuni pale korido, akaweka viganja juu ya goti. Vidole vya Donat vinajua kila kitu. Nilimwona akifumba macho.

"Kazi imeisha?" Douwe akauliza.

"Imeisha, papa," Donat akamjibu, naye alikuwa analia kuliko mwenye goti.

Niliingia jikoni kwa sababu sikujua pa kwenda. Mtoto wangu alikuwa anaruka kutoka kitini hadi sakafuni, miguu miwili pamoja, anapanda tena, anaruka. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, na papo hapo nilijiona kama mtu aliyempora mwenzake shamba. Je, ni mtoto aliyeiga tu, kama kasuku? Au lile goti lilikuwa linamtafuta kweli, na mwenyewe akalirudisha kwake pale ngazini? Mbombo mpaka leo anasema ni maombi. Daktari wa Jette anasema hapakuwa na kitu. Mimi niliyekuwepo ndimi nisiyejua.

Nilisonga bukari. Sikuwa na kitambaa karibu cha kuwekea sufuria ya moto, nikatoa karatasi ya commune mkobani, nikaiweka mezani, nikaikalisha sufuria juu yake. Pale penye sababu palikuwa bado peupe.

"Ile karatasi ni ya nini?" Donat akaniuliza alipomwingiza Douwe, amemshika kiunoni.

"Hakuna kitu. Mukalishe muzuri."

Mtoto akavuta kiti chake mpaka ubavuni kwa Douwe, akachovya mkono katika sahani ya ndoyi wake bila kuuliza, wakala.