Mashahidi wa Mwaka 1911

Jumamosi saa saba mchana Telesphor alikuwa akisukuma mashine ya chokaa ya kuchorea mistari kwenye uwanja wa chuo, mtaa wa Stanmore, timu ya mpira ya mwaka 1911 iliposhuka kutoka kwenye picha yake pale ngazini. Walisaini daftari la wageni mapokezini kama kila wiki, wakavaa beji, wakatoka nje na viatu vyao vya ngozi ngumu. Pichani vilibaki viti na zulia. Wapinzani wao, vijana wa chuo cha ng'ambo ya mto, walikuwa wamekwishafika kwa basi, wafu vilevile.

Mechi hiyo haikuwahi kupata mshindi. Sare tangu 1911, kila Jumamosi, bila bila.

Telesphor hakuwapenda. Hakumpenda yeyote aliyepigwa picha akiwa amekalia kiti cha chuo. Lakini picha yao ilining'inia juu ya ngazi zilezile alizoteleza mkewe, Beatha, mwezi wa pili, akiwa kazini, asiinuke tena. Ripoti ya wakubwa alisomewa na Winifrida wa usafi, maana yeye shule aliiacha darasa la nne. Ilisema ngazi zilikuwa kavu na marehemu alikuwa na haraka. Haraka! Beatha, ambaye hakuwahi kukimbilia hata basi. Paa lilivuja wiki tatu nzima na wakubwa walijua. Telesphor alitaka maneno hayo yafutwe, basi. Wakubwa walisema watamsikiliza Jumatatu, akileta mashahidi.

Nahodha Ambrose, kijana mwenye masharubu membamba, alimfuata pale mstarini.

"Tuliona kila kitu, bwana. Tusaidie tushinde leo, Jumatatu tutasema."

"Mtasema nini?"

"Tulichokiona."

Winifrida alikuwa akipita na mifuko ya taka. Alingoja nahodha aondoke.

"Shemeji, unawaamini hao? Watoto wa wakubwa hao. Wamekufa wao, ukubwa wao haujafa."

"Siwaamini. Unao wengine?"

Winifrida akainua mifuko yake, akaenda zake.

Basi wakati wa mapumziko Telesphor akapiga mstari wa goli la wapinzani hatua nzima mbele ya milingoti. Dakika ya themanini kipa wao alidaka mpira kifuani, safi kabisa. Mwamuzi, aliyezikwa zamani na aliyeamini chokaa kuliko macho yake, akapuliza: goli. Kipa aliutazama mstari, kisha akamtazama Telesphor.

"Mzee, huu mstari umehama."

"Mstari una miguu?"

Moja bila. Wapinzani wakapanda basi lao. Telesphor alijua amewadhulumu watu wasiomkosea. Moyo ulimuuma kidogo, akamkumbuka Beatha, ukaacha.

Jumatatu saa nne asubuhi wote kumi na mmoja waliingia chumba cha mikutano. Meneja, Alka, aliwaagizia chai. Ambrose alisimama kwa niaba yao, akataja siku, saa, hata rangi ya kilemba cha Beatha. Telesphor akaanza kupumua.

"Na ngazi?" aliuliza Alka.

"Kavu," alisema Ambrose. "Mama alikuwa na haraka."

Wenzake wakafuata mmoja mmoja, kavu, kavu, kama watu wanaoitwa majina darasani. Soksi zao zilichuruzika maji yaliyowaingia kwenye fremu tangu mwezi wa pili. Maji yakatambaa chini ya meza hadi kwenye viatu vya Alka. Alka akasogeza miguu, akaandika: kavu.

"Uliniahidi," alisema Telesphor.

"Niliahidi," alijibu Ambrose kwa upole. "Lakini chuo kwanza, bwana. Si ndivyo wewe mwenyewe ulivyotuchorea Jumamosi?"

Wakampa mkono, wote kumi na mmoja, wakarudi pichani na kukaa sawasawa. Ripoti ilibaki ilivyokuwa. Alka alikusanya karatasi zake, akamwomba Telesphor apige deki kabla hajaondoka, maana pale mtu angeweza kuteleza.