Siku Koplo Alipoitwa Bodini

Shuka lilikuwa limegandia kigutu, na mama hakulivuta. Alichovya kitambaa kwenye maji ya chumvi, akakilaza pale palipogandia, akangoja. Mwanawe alilala chali, macho darini, kama mtu anayesubiri gari la mizigo lipite ndipo avuke barabara. Hakusema hata "aa". Siku aliyoletwa kutoka vitani, mguu wa kulia umeishia chini ya goti, hakusema pia.

Shuka lilipoachia, mama akakitazama kidonda. Kilikuwa palepale, mahali mguu wa bandia unapokaza. Mguu ule alipimiwa hospitali ya jeshi wakati bado amevimba. Sasa nyama zilikuwa zimenywea, na kigutu kilicheza ndani yake kama mchi kwenye kinu. Mama alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, basi aliushonea bitana: kwanza kipande cha blanketi, kisha soksi, kisha soksi juu ya soksi. Kidonda kiliendelea tu kula.

"Leo huuvai," alisema.

"Nitauvaa."

"Nimesema huuvai, baba. Unakwenda na magongo yako, suruali tunaikunja hapa, tunaibana na pini. Wakuone ulivyo."

"Niende mbele ya maafande suruali imekunjwa kama mdomo wa gunia?"

"Mguu unao mmoja. Unataka wadhani unao mitatu?"

Akacheka kidogo, kwa pua. Mama akaona ameupata upenyo, akaingia nao.

"Wakikuuliza unaendeleaje, utasemaje?"

"Naendelea vizuri."

"Ona sasa! Unasema, nina kidonda. Unasema, usiku silali. Unasema, nikisimama kidogo tu naona kizunguzungu. Si uongo, ni mambo yako mwenyewe, mimi sikutungii."

"Mama, kule hakusemwi hivyo."

"Kwani kule kunasemwa nini?"

Aliitazama bandeji mpaka ikaisha kuzungushwa. "Asubuhi kwenye gwaride tulikuwa tunaulizwa, nani mgonjwa? Hakuna aliyenyoosha mkono. Aliyenyoosha alikimbizwa uwanjani mpaka apone."

"Huko si ulishatoka?"

Mwanawe alikuwa ameshaushika mguu wa bandia kwa mikono miwili, anauvuta karibu.

Bodi ilikuwa jambo la kujirudia. Kila baada ya muda majeruhi waliotolewa jeshini waliitwa kambini, daktari akawatazama, akawaweka daraja. Wa daraja la kwanza ni asiyejiweza: posho nzima, na mguu mpya ule wa zamani ukichoka. Wa daraja la pili ni anayejiweza kiasi: nusu ya posho, na mguu alio nao ndio huohuo. Mwanawe, Koplo, alikuwa daraja la kwanza. Posho ikienda kwenye kodi ya chumba na dawa, haikubaki ya kununulia hata chumvi, lakini mama hakuwa na nia ya kuilalamikia posho. Alichotaka ni mguu. Mguu mpya hauuziki kwa mtu kama yeye, hata auze cherehani na yeye mwenyewe akiwa amekaa juu yake. Lazima watoe wao. Na watatoa tu mwanawe akibaki pale alipo.

Waliafikiana nusu kwa nusu. Atauvaa mguu, maana bila mguu alikataa katakata kutoka nje. Lakini magongo atayashika yote mawili, na maneno atasema mama.

*

Walioitwa siku hiyo waliwekwa kwenye korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni. Benchi zilikuwa chache, kwa hiyo waliokosa miguu walikaa, waliokosa mikono wakasimama. Hakuna aliyepanga hivyo. Walijipanga wenyewe, kimyakimya, kwa mazoea.

"Shikamoo, mama," alisema mmoja aliyeegemea ukuta. Mkono mmoja wa shati lake ulikuwa umepasuliwa na kushonwa begani, na wenzake walimwita Nusu Shati.

"Marahaba, mwanangu. Umeshaingia?"

"Bado. Safari iliyopita waliniuliza, mkono unaendeleaje? Nikawaambia, afande, mimi na ule mkono tangu tuachane hatujasalimiana."

Benchi zima likacheka. Koplo naye akacheka, huku akiketi, na mama akaona jinsi alivyokaza taya wakati goti linapinda.

"Wakakuweka la ngapi?" mama aliuliza.

"La pili. Walisema mtu mwenye mzaha amepona." Hapo hakucheka mtu.

Kando ya mama alikaa mwanamke kijana, amemshika mumewe kiganja. Mume alikuwa mtu wa miraba minne, hana hata kovu la kucha. Mlango wa mwisho ulipobamizwa na upepo, aliteremka chini ya benchi. Mkewe akainama, akamrudisha polepole, akampangusa vumbi magotini kama anayempangusa mtoto.

"Bomu lilianguka karibu yake," alimwambia mama. "Wa kwako ana cha kuonyesha. Mimi wangu nitawaonyesha nini?"

"Waache wamwone hivyo hivyo."

"Wakimwona anakuwa mzima. Akiona kofia ya kijeshi tu, anakuwa mzima. Tukirudi nyumbani ndiyo anaanza."

Mama alitaka kumjibu, lakini jina la mwanawe likaitwa.

*

Chumbani kulikuwa na meza, daktari wa jeshi mwenye cheo cha meja, na karani wa kiraia aliyekuwa akichapa kwenye kompyuta bila kuinua uso.

"Mzazi anasubiri nje," alisema karani.

"Mimi ndiye ninayemfunga kidonda," mama alisema. "Yeye mwenyewe hakioni vizuri."

Meja alitabasamu. Alikuwa na sura ya mtu mwema, mtu wa kubeba wajukuu. "Haya mama, simama hapo mlangoni. Lakini tuache tuzungumze na askari wetu." Akageuka. Sauti nayo ikageuka. "Koplo!"

Magongo yalianguka. Yalitoa mlio mmoja, kisha mwingine mdogo, na lile la pili likabiringika hadi miguuni pa mama. Mwanawe alikuwa amesimama wima, kidevu juu, mikono imebana mapaja. Hivyo alivyosimama, mama hakuwa amemwona tangu siku ile aliyoagwa stesheni.

"Hali yako?"

"Niko fiti, afande!"

"Mwongo!" mama alisema. "Daktari, mwanangu anadanganya. Ana kidonda, usiku halali—"

"Mama." Meja hakupandisha sauti. "Mwache ajieleze. Koplo, mama anasema unaumia. Unaumia?"

Karani aliacha kuchapa. Jasho lilikuwa limemtoka Koplo kwenye mdomo wa juu, matone madogo madogo, na mama akayatazama yale matone kwa sababu hakuweza kuyatazama macho.

"Sema, baba," alisema kwa upole. "Sema tu."

"Hapana, afande."

"Tembea mpaka dirishani. Bila magongo."

Akatembea. Hakuchechemea. Alitupa mikono kama gwarideni, kisigino kikapiga sakafu sawasawa, cha nyama na cha plastiki, huwezi kujua kipi ni kipi. Alipofika dirishani aligeuka kwa mkupuo mmoja. Mama alijua ule mgeuko umefanya nini huko ndani, kwenye soksi na blanketi. Lakini mguu wa bandia hautoi damu nje. Kinachotoka chote kinabaki ndani ya ganda.

"Safi sana," alisema meja, na alisema kwa moyo wake wote. "Unaona, mama? Unamdekeza. Huyu ni askari."

"Avue, mkitazame kidonda."

"Kidonda kinatibiwa zahanati. Sisi hapa tunapima uwezo."

"Daraja la pili, afande?" karani aliuliza.

"La pili."

"Na ombi la mguu?"

"Wa nini? Huo alio nao si unafanya kazi? Umeona mwenyewe."

Vidole vya karani vikashuka kwenye kompyuta. Mama aliusikia ule mchapo, mwepesi, kama mvua ya kupita. Akaokota magongo. Mikono yake ilikuwa imelala, kama ya mtu aliyelalia mkono usiku mzima.

"Ule mguu unamla," alisema.

"Unaweza kukata rufaa, mama yangu," karani alisema. "Kuna dirisha huko nje."

"Lile lililofungwa?"

"Linafunguliwa."

"Lini?"

"Litafunguliwa."

Koplo bado alikuwa amesimama dirishani. Hakuna aliyemwambia apumzike.

"Mwambie basi, umesikia?" mama alimgeukia. Sasa sauti ilimpanda. "Mwambie usiku unang'ata nini ili nisikusikie! Mwambie, wewe mtoto!"

"Asante, afande," alisema Koplo.

*

Meja alimtoa mwenyewe nje, amemwekea mkono begani. Mama alifuata nyuma na magongo. Korido ilipokiona cheo, benchi zote zilikakamaa. Waliokuwa wameinama waliinuka, aliyekuwa anakuna kigutu akaacha.

"Nataka mumtazame mwenzenu," meja alisema. "Watu mnakuja hapa mmejiinamia kama mmefiwa. Huyu kakatwa mguu, na mnamwona? Koplo, waonyeshe. Mpaka mwisho, na kurudi."

"Baba, inatosha," mama alisema.

Koplo akaenda. Korido ilikuwa ndefu, na mlio wa kisigino uligonga kijani cha ukuta huu ukarudi kwenye ukuta ule. Nusu Shati alimfuata kwa macho, na mzaha wote umemtoka usoni. Aliporudi, rangi ya Koplo ilikuwa ya majivu, lakini alisimama palepale alipoagizwa, akabana mkono kwenye paja.

"Mmeona?" Meja alikuwa amefurahi. Aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kama baba mwenye watoto wengi. Mlangoni nyuma yake karani alikuwa amesimama na orodha ya waliosalia, kalamu imefunguliwa. "Haya, na nyinyi. Hali zenu?"

Mama aliona jibu linavyokuja. Aliliona kwenye mabega kabla halijafika midomoni. Asiye na miguu alijisukuma kwa viganja hadi mgongo ukanyooka. Mwenye jicho moja akaliinua. Nusu Shati, aliyejua yote, aliyekuwa amelipia tayari kuyajua, alibana pajani mkono wake uliobaki.

"Msijibu!" mama alisema. "Wanangu, msijibu!"

"Tuko fiti, afande!"

Korido nzima. Sauti moja, nzuri, ya vijana. Karani aliinamisha kichwa akaanza kuandika: la pili, la pili.

Ni yule mwanamke kijana peke yake aliyekuwa amewahi. Alikuwa amepanda juu ya benchi, maana mumewe alikuwa mrefu na ameshasimama wima, na amemziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kimoja juu ya kingine, amekaza kwa uzito wake wote. Mume hakumsukuma. Alitazama mbele. Na chini ya viganja vile shingo yake iliendelea kutuna na kushuka, kutuna na kushuka, anajibu.